Kusoma Rangi za Vipimo vya Maji ya Tangi la Samaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni, hapa Dar es Salaam, na haipiti wiki bila kutumiwa picha ya kichupa chenye maji ya rangi na swali la maneno mawili: "Hii ngapi?" Majibu yafuatayo nimeyarudia mara nyingi mno, bora yakae mahali pamoja. Yanahusu zaidi vipimo vya matone, vile vya kudondosha dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi na kulinganisha rangi na kadi, maana ndivyo vinavyowatoa watu jasho.

Kila kipimo hutoka rangi gani kwenda ipi?

Nazungumzia kiboksi cha kampuni ya API cha maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kwa kuwa ndicho nilicho nacho. Amonia, inayotoka kwenye uchafu wa samaki, huanzia njano na kwenda kijani. Nitriti, ambayo bakteria huitengeneza toka amonia, huanzia samawati mpauko na kuishia zambarau. Nitrati, ambayo bakteria huitengeneza toka nitriti, huanzia njano, hupitia rangi ya chungwa, huwa nyekundu, na ikizidi huwa ile tunayoiita damu ya mzee. Namba za hizi tatu ni miligramu kwa lita. Kisha kuna pH, kipimo cha uasidi wa maji. Ya kiwango cha chini: njano ni 6.0, kijani iko katikati, bluu ni 7.6. pH ya kiwango cha juu hutoka kahawia ya 7.4 hadi zambarau ya 8.8.

Kampuni nyingine zina rangi zao na muda wao wa kusubiri. Kuna vipimo vinavyosomwa kwa kutazama ubavuni mwa kichupa na vingine kwa kutazama toka juu. Maji yale yale ukiyatazama toka juu huonekana yamekolea zaidi, kwa sababu jicho linapita kwenye kina kirefu. Kwa hiyo usichukue kadi ya kiboksi kimoja kusomea kichupa cha kingine, hata rangi zikifanana kama mapacha.

Amonia yangu si njano, si kijani. Ni sifuri au 0.25?

Hili ndilo swali namba moja, na mimi mwenyewe lilinipiga chenga. Usiku mmoja nilipima amonia jikoni, kwenye balbu ya mwanga wa njano. Nikaona njano safi, nikaandika sifuri, nikawa karibu kumwaga. Kwa bahati nilipita na kichupa sebuleni, kwenye taa nyeupe ya mrija, nikakuta maji ni kijani cha ndimu mbichi. Kadi ikasema 0.5. Ile balbu ya jikoni ilikuwa imemeza kijani chote.

Siku hizi nikisita kati ya rangi mbili sibishani na macho yangu, napima maji mawili kwa pamoja. Kichupa cha kwanza kina maji ya tangi. Cha pili kina maji ya betri, yale masafi yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea kwenye betri ya gari. Angalia chupa vizuri: unataka maji, si asidi. Vyote viwili vipate matone sawa, vitikiswe sawa, visubiri sawa, kisha vipange bega kwa bega mbele ya karatasi nyeupe. Maji ya betri hayana amonia, kwa hiyo rangi yake ndiyo sifuri yako, kwa dawa yako, kwa taa yako. Cha tangi kikiwa sawa na hicho, lala usingizi. Kikiwa kijani zaidi hata kidogo, amonia ipo.

Utashangaa mara ngapi ile "0.25 isiyoisha" inayowasumbua watu miezi na miezi inageuka kuwa sifuri tu iliyosomwa chini ya taa mbaya. Lakini hila hii usiitumie kuhakiki kipimo cha pH. Maji masafi kiasi hicho hayana kitu cha kushikilia pH, hewa tu inatosha kuivuruga.

Nisomee wapi basi?

Karibu na dirisha mchana, kivulini, jua lisipige kichupa moja kwa moja. Usiku, taa nyeupe. Taa ya tangi lenye mimea usiisogelee, nyingi zina uwaridi au ubluu ambao jicho huuzoea bila wewe kujua. Nyuma ya kichupa pawe peupe. Niliwahi kukunja uso nikisoma nitrati ya 40 hadi mke wangu akaniuliza kwa nini nimeinua kichupa mbele ya kanga yake nyekundu iliyoanikwa.

Naweza kukupigia picha ukanisomea?

Unaweza, lakini nitakusomea rangi ya simu yako. Kamera hujirekebishia weupe kila inapopiga: ikiona njano nyingi huongeza bluu, na kijani chako cha 0.5 kinageuka kitu kingine. Kama lazima, weka kichupa na kadi kwenye picha moja, mwanga mmoja, karatasi nyeupe nyuma, hapo walau kosa litawapata wote wawili. Nafuu zaidi ni kumwita mtu wa nyumbani. Mpe kichupa na kadi, usimwambie umeona nini, mwache achague. Watoto wa shule ya msingi ni wazuri sana kwa kazi hii, hawana tangi la kulionea huruma.

Nimesahau kichupa kwa dakika ishirini. Rangi bado ni halali?

Hapana, pima upya. Dakika 5 zilizoandikwa kwa amonia, nitriti na nitrati ni pale kadi ilipochapwa kuendana na rangi. Ukiwahi, rangi haijaiva. Ukichelewa, inaweza kuendelea kukolea au kupotoka. Weka saa ya simu ilie. Kipimo cha pH hakisubiri, chenyewe unasoma papo hapo.

Tangi lina miezi minane, samaki wengi, na nitrati ni njano tupu. Nina bahati?

Yawezekana una mimea mingi inayokula nitrati yote. Mara nyingi zaidi hukutikisa chupa ya pili, maana dawa ya nitrati huja kwenye chupa mbili.

Ukijua kinachotokea ndani ya kichupa hutasahau tena. Hakuna dawa rahisi ya nyumbani inayoigeuza nitrati yenyewe kuwa na rangi. Rangi hutoka kwa nitriti, kwa njia iliyotokana na Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia huko Burton upon Trent, Uingereza, na aliyeieleza mwaka 1879. Sasa ili nitrati ionekane, lazima kwanza ivuliwe oksijeni moja iwe nitriti. Kazi hiyo hufanywa na unga wa metali, kwa kawaida zinki, ulio ndani ya chupa ya pili. Zinki ni nzito. Chupa ikikaa wiki mbili kabatini, unga wote unalala chini na kugandamana. Ukidondosha matone kumi ya juu juu, unadondosha kimiminika bila unga. Hakuna unga, hakuna mageuzi, hakuna rangi, nawe unafurahia njano isiyo na maana yoyote.

Kwa hiyo: kabla ya kufungua, igonge chupa ya pili kwenye kiganja mpaka uone ule ugando wa chini umeachia, kisha itikise kwa nguvu sekunde 30 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Dondosha matone 10. Funga kichupa, kitikise dakika nzima. Mkono utachoka, ndivyo inavyotakiwa. Halafu subiri dakika 5.

Ukitaka kujua kama kipimo bado ni kizima, tafuta punje mbili tatu za mbolea ya CAN kwa mtu anayelima. Ziyeyushe kwenye lita moja ya maji ya betri, ukoroge, upime. Lazima rangi iache njano na kwenda chungwa au nyekundu. CAN ina amonia pia, kwa hiyo maji hayo hayo yatakupa kijani kizuri kwenye kipimo cha amonia. Yamwage kwenye bustani, yasifike karibu na samaki.

Nitrati yangu ni nyekundu, ila ya 40, ya 80 na ya 160 naona zote moja.

Kila mtu anaziona hivyo. Pale juu kadi haina msaada, punguza nguvu ya maji badala ya kukaza macho. Chukua sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu nne za maji ya betri, changanya, pima, kisha zidisha jibu kwa 5. Ukipata chungwa ya 20, tangi lako lina 100. Njia hii inakurudisha upande wa njano na chungwa, ambako macho yana uwezo wa kutofautisha.

Angalia pia kadi yako inahesabu nini. Baadhi ya vipimo huandika nitrati yote, vingine huandika nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati tu. Namba ya pili izidishe kwa 4.4 ndipo uilinganishe na ya kwanza. Watu wawili wanaweza kugombana, mmoja akisema 10 na mwingine 44, kumbe wana maji yale yale.

Kadi inasema amonia ni 1. Nitaamka nikute wamekufa?

Niambie kwanza pH yako. Rangi peke yake hapa ni nusu ya habari.

Kipimo hiki hukusanya aina mbili kwa pamoja: amonia huru, ambayo ni sumu kali inayounguza matamvua, na amoniamu, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kijani ni kile kile kwa zote. Kinachogawa ni pH, na joto kidogo. Kwenye nyuzi joto 25, amonia ya 1 ikiwa kwenye pH 7 ina sumu huru karibu 0.006 tu. Kwenye pH 8 ni karibu 0.05. Kwenye pH 9 ni karibu 0.36. Wafugaji wengi huchukua 0.02 kama mpaka wa kutoka kwenye utulivu kwenda kwenye wasiwasi.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9, na sisi tunaofuga samaki wake tunajitahidi kuyaiga. Ndiyo maana jirani yangu mwenye samaki wadogo aina ya gapi kwenye pH 7 anaweza kukaa na kijani kile siku mbili akipunguza chakula taratibu, lakini mimi nikikiona kijani hicho hicho naacha chakula mezani na kwenda kuvuta ndoo. Tumesoma rangi moja kwenye kadi moja. Nabadilisha nusu ya maji, nasitisha chakula, napima tena baada ya saa chache.

Kuna mtego mwingine hapa. Ukiwa na pH ya chini na amonia nyingi, usije ukaongeza kitu cha kupandisha pH kabla hujabadilisha maji. Utaigeuza amoniamu kuwa sumu, na kadi haitaonyesha tofauti yoyote.

Nimeweka dawa ya kuzuia amonia, mbona kijani hakiondoki?

Dawa nyingi za aina hiyo huifunga amonia isidhuru, haziiondoi majini. Kipimo kinaendelea kuihesabu mpaka bakteria waile. Vipimo vya zamani vya Nessler, vinavyokwenda njano ya kahawia, huweza kuvurugwa kabisa na dawa hizi. Na kwa kuwa vina zebaki ndani, mimi singevinunua tena.

pH yangu ni bluu kali, yaani 7.6, sivyo?

Ni 7.6 *au zaidi*. Bluu ni mwisho wa ile kadi, ikifika pale haina pa kwenda, hata maji yawe 8.8. Pima tena kwa kipimo cha kiwango cha juu. Na kinyume chake: cha juu kikikupa kahawia ya chini kabisa, 7.4, rudi kwenye kile cha chini ndicho ukiamini. Wengi wanaotumia maji ya kisima wamekaa na "7.6" yao miaka na miaka bila kujua.

Asubuhi 7.4, jioni 7.8. Kipimo kimeharibika?

Kama una mimea au mwani, hapana. Mchana mimea hula kaboni dioksidi na pH hupanda, usiku hushuka. Chagua saa moja ya siku uishike hiyo hiyo. Maji mapya ya bomba au kisima nayo yaache kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyapima pH, gesi iliyomo itoke kwanza.

Nimetia majani ya mkungu, maji yamekuwa kama chai. Nisomeje?

Hapo kila kipimo kinachoanzia njano kinadanganywa na rangi ya majani yenyewe. Dawa yake ni rahisi: jaza kichupa cha pili maji ya tangi yasiyotiwa dawa. Kiweke mbele ya mraba wa rangi kwenye kadi, uutazame mraba kupitia maji hayo. Kichupa chenye dawa kiweke mbele ya sehemu nyeupe ya kadi. Sasa pande zote mbili zina chai ile ile, na unachokilinganisha ni dawa tupu. Hila hii inafaa pia baada ya kutibu samaki kwa dawa ya bluu, ingawa bluu ikikolea sana afadhali usubiri maji yabadilishwe.

Kipimo cha KH na GH hakina kadi. Nasoma nini?

Unahesabu matone. KH (kinachoshikilia pH isiyumbe) hugeuka toka bluu kuwa njano, GH (ugumu wa maji) toka chungwa kuwa kijani. Dondosha tone, funga, tikisa, tazama, rudia. Idadi ya matone mpaka rangi igeuke kabisa ndiyo nyuzi zako, na kila uzi mmoja ni miligramu 17.9 kwa lita. Tone la kwanza mara nyingi ni hafifu kiasi kwamba hujui kama umeona rangi, karatasi nyeupe chini ya kichupa inasaidia. Chupa ya matone ishike wima. Ukiilaza, tone hubadilika ukubwa na hesabu yote inakwenda mrama.

Nina haja gani ya kupima maji ya bomba au ya kisima?

Ili usije ukalilaumu tangi kwa kosa la ndoo. Kisima kifupi kilicho karibu na mashimo ya vyoo kinaweza kuja na nitrati yake tayari, na hapo hata ubadilishe maji kila siku, nyekundu haitafifia. Maji ya bomba shida yake ni klorini, na kiboksi cha kawaida cha vipimo hivi hakiionyeshi kabisa. Rangi zote zikiwa nzuri haina maana klorini haipo.

Vipimo vya karatasi je?

Ni vya haraka, na kwa mtu anayetaka kujua tu kama kuna kitu kimeharibika ghafla vinatosha. Vingi havina amonia, soma kopo kabla hujalipa. Ukishachovya, ishike karatasi ikiwa imelala, ukiisimamisha rangi ya mraba mmoja inatiririkia mwingine. Adui mkubwa hapa pwani ni unyevu. Kopo likiachwa wazi mchana mmoja wa masika, karatasi zote zinaanza kubadilika rangi zikiwa bado ndani. Shika kwa vidole vikavu, funga papo hapo, na usiweke kopo juu ya tangi. Duka moja liliwahi kuniuzia karatasi zilizohesabiwa na kufungwa upya kwenye mfuko wa nailoni. Kila mraba ulikuwa umekwisha kupauka kabla sijagusa maji.

Sizitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Nifanyeje?

Hali hii huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na wengine huigundulia kwenye GH, wanapoona chungwa na kijani ni kitu kimoja. Muda wa kuhangaika usiwe mrefu: mwombe mwenye macho mengine asome, au nunua kifaa cha kidijitali kwa kile kipimo kinachokusumbua. Nitriti, ya samawati na zambarau, nayo inaweza kuwapa taabu wengi wenu.

Dawa zilizobaki nimwage wapi?

Kwenye sinki, na maji mengi nyuma yake. Kamwe zisirudi kwenye tangi. Baadhi zina asidi na nyingine ni kali upande wa pili, kwa hiyo usizibe kichupa kwa kidole wakati wa kutikisa, na watoto wasizifikie. Suuza kichupa mara tu baada ya kusoma, kisha kabla ya kipimo kijacho kisuuze kwa maji ya tangi lenyewe.

Niandike namba tu au na rangi?

Vyote. Namba ni maamuzi yako ya dakika ile, rangi ndiyo uliyoiona kweli. Ukirudi baada ya mwezi utajua kama ulikuwa unajipendelea. Hili ni daftari langu la tangi la tatu, likiwa bado tupu bila samaki, nikiliongezea amonia kidogo kila iliposhuka ili bakteria waote:

Siku ya 3. Amonia 2, kijani cha jani la mpapai. Nitriti samawati tupu. Nitrati njano.

Siku ya 12. Amonia 1. Nitriti 0.5, samawati imeanza kupata zambarau pembeni. Nitrati 5, au naitamani tu.

Siku ya 20. Amonia 0.25, kijani kidogo kuliko maji ya betri yalivyo. Hapana, nimeandika kinyume: kijani kidogo *zaidi* ya maji ya betri. Nitriti 5, tone lilikuwa zambarau kabla halijafika chini. Nitrati siihesabu, nitriti hii yote inaipaka nyekundu.

Siku ya 33. Amonia sawa na maji ya betri. Nitriti samawati, nimemwita mtoto, naye amesema samawati. Nitrati 40, nyekundu. Nimetoa nusu ya maji.

Siku ya 34. Nitrati 20, chungwa lililoiva. pH 8.6 saa moja asubuhi. Samaki wanakuja Jumamosi.